Mafundo Mekundu ya Tuta la Juu

Kilima cha mwisho kilikuwa na kona saba, na Breki alizijua zote kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Ya kwanza inadanganya, inajifanya tambarare. Ya tatu ina kokoto. Ya tano ndipo wageni huacha utani na kuanza kupumua kwa mdomo. Ya saba ndipo bwana harusi mpya humtazama mkewe kama mtu aliyemtia mtegoni.

Jina la Breki alibandikwa utotoni, alipoteremka kilima hicho hicho kwa baiskeli isiyokuwa na breki hata moja, akasimamishwa na ukuta wa ghala la mapipa. Kovu likabaki kidevuni, jina likabaki midomoni mwa watu. Sasa alikuwa mtu mzima, mwongozaji wa safari za baiskeli katika shamba la mizabibu la mjomba wake. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni vilima, kuwaonyesha zabibu, kuwateremsha wakiwa na viungo vyote, na kucheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Siku hiyo aliamka akijua kwamba kucheka hakutawezekana.

"Leo ukilegeza mitano," mama yake alimwambia kabla chai haijachemka, "tutakuwa tumefika mia mbili. Itabaki arobaini tu."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, mkono wa kulia kuliko wa kushoto, kama mtu aliyeshika kikombe ambacho kimeshaondolewa.

"Umejuaje ni mia mbili, nawe huandiki popote?"

"Kwani kichwa nacho kimekunjika?" Mama akacheka peke yake. "Halafu nisikilize. Kesho Fundi wa baiskeli anapanda na gari kupeleka nguzo mpya. Nimemwomba anichukue. Nataka nikaione mizabibu yangu kwa macho yangu."

Breki alikuwa akifunga kamba za viatu. Kiatu kimoja alikifunga mara mbili, cha pili akakisahau.

"Kule juu kuna upepo, mama."

"Upepo tumeishi nao miaka minne, hatukugombana hata siku moja. Kisu kiko wapi?"

"Kwenye mfuko wa vyombo."

"Makali yake?"

"Yapo."

Hilo la makali lilikuwa kweli. Kisu hicho kidogo cha mpini wa mbao alikuwa amepewa na mama mwaka uliopita, kimepakwa mafuta na kufungwa katika kitambaa, na tangu siku hiyo kilikuwa kimepanda na kushuka kilima safari thelathini na tisa bila kufunguliwa. Kila jioni mama aliuliza, "Mingapi leo?" Kila jioni Breki alijibu, "Mitano, mama." Hakuwa amelegeza hata mmoja.

Ili mtu aelewe kwa nini, inabidi aanze na tuta la juu.

Shamba la Mjomba lilipanda kilima kwa matuta, kama ngazi ya jitu, na tuta la juu kabisa lilikuwa mawe matupu mpaka mama yake Breki, dada mkubwa wa Mjomba, alipoamua kulipanda. Aliyatoa mawe kwa mikono. Akapanda miche mia mbili na arobaini, mmoja mmoja, akaibebea maji kwa ndoo. Mjomba akaja, akavua kofia, akasema mbele ya watu, "Dada, tuta hili ni lako. Ni lako mpaka mwisho." Hakuna aliyeandika. Ndugu na ndugu wataandikiana nini?

Kila mche aliufunga kwenye waya kwa kipande cha shuka kuukuu, kwa fundo la macho mawili kama tarakimu ya nane. Jicho dogo lilibana waya lisitikisike. Jicho pana liliuzunguka mti, na ndani yake lazima kidole kimoja kiingie na kucheza, kwa sababu mti hunenepa. Shuka nayo ikipigwa na mvua za msimu mmoja huoza na kuachia yenyewe, mtu anafunga upya.

Miaka minne baadaye vidole vikaanza kujikunja. Mjomba akasema, "Pumzika, dada." Mama alidhani ni maneno ya wiki mbili. Ilikuwa ndiyo barua yake ya kuachishwa kazi. Watu waliofanya kazi chini yake nao wakapunguzwa, na lile tuta likageuzwa kituo cha mwisho cha safari za baiskeli. Picha ya mikono ya mama ikatundikwa ukutani katika chumba cha kuonjea mvinyo, kubwa kama mlango, na chini yake maneno: *Fundo la Bibi*. Kila mgeni aliyefika juu alipewa utepe mwekundu wenye alama ya shamba, akafundishwa fundo, akafunga mzabibu mmoja, akapigwa picha.

Tatizo ni kwamba Mjomba hakuwahi kufunga mzabibu tangu azaliwe. Alikuwa akiwatazama wafungaji kutoka barabarani. Alipojaribu fundo kwa ajili ya picha, jicho pana lililegea kwenye mti na utepe ukaonekana umechoka, basi akaligeuza: jicho dogo kwenye mti, jicho pana kwenye waya. Likakaa vizuri, likapendeza. Tena utepe wenyewe ulikuwa wa nailoni. Ule hauozi hata ukizikwa.

Breki alimwambia mara ya kwanza ofisini. Mjomba akacheka: "Mama yako mikono imekwisha, sasa anataka kutumia yangu." Mara ya pili alimwambia katika stoo ya baiskeli, Fundi akiwepo, akijaza upepo tairi la nyuma. Mjomba hakucheka. Alimnyooshea kidole.

"Wewe kazi yako ni pedali. Fundisha kama nilivyokuonyesha. Neno kwa neno."

Basi akafundisha neno kwa neno. Na mama alipompa kisu, akamsihi kwa sauti ya chini, kila akipanda alegeze mizabibu mitano, wageni wakiwa wanapiga picha, afunge upya utepe uleule kwa njia sahihi, Mjomba asijue, Breki alipokea kisu akasema sawa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya mti wa kwanza, mkono ndani ya mfuko. Akamfikiria Mjomba akimimina mvinyo wa mti huo na kuwasimulia wageni jinsi anavyompenda dada yake. Mkono ukatoka mtupu.

Hayo ndiyo aliyokuwa akipanda nayo kilima asubuhi hiyo, zaidi ya pampu, tyubu tatu na maji.

Wageni walikuwa sita. Maharusi wawili waliovaa fulana zinazofanana, daktari wa meno na mkewe, kijana mmoja aliyepiga picha kila tuta kana kwamba ni tuta tofauti, na mama mmoja wa makamo, mfupi, mwenye baiskeli iliyotunzwa, ambaye hakusema mengi. Huyo wa mwisho alikuwa mnunuzi wa mvinyo wa mahoteli, na kwa ajili yake Mjomba mwenyewe alikuwa ameamua kupanda siku hiyo. Alikuja na baiskeli ya betri, suruali ya kubana na kofia mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani ndani.

"Mjomba, umeichaji?" Breki alimuuliza stooni.

"Unanifundisha baiskeli yangu?"

"Hapana, Mjomba. Mimi kazi yangu pedali."

Fundi akainamisha kichwa kwenye spoki asionekane anacheka.

Vilima vitatu vya kwanza vilikwenda vizuri. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijaondoka kwenye mabonde, minyororo ilikuwa imepakwa mafuta, na kila mteremko ulipoanza maharusi walipiga kelele kama watoto. Mjomba alitangulia, mgongo umenyooka, akitoa maelezo kwa Mnunuzi: huu mteremko unapata jua la asubuhi, ule wa jioni, hapa udongo ni mwekundu, pale una chokaa. Mnunuzi aliitikia "mm," akibadilisha gia bila kuangalia chini.

Kwenye kona ya nne ya kilima cha mwisho, betri ikazimika.

Baiskeli ya betri isiyo na betri ni mzigo wa chuma. Mjomba alikanyaga mara sita, akayumba, akashuka. Daktari wa meno akampita, kisha mkewe. Breki aliyekuwa akifunga msafara akamfikia akiwa anasukuma, jasho linamtoka hadi kwenye kope.

"Nikusaidie, Mjomba?"

"Pita!"

Akapiga kengele mara moja, akapita.

Tuta la juu lilikuwa limebadilika rangi. Chini kote mizabibu ilikuwa ya kijani kibichi, kwa sababu mavuno yalikuwa bado, lakini pale juu majani yalikuwa mekundu kama makaa. Ndiyo iliyokuwa picha ya bango la shamba. Bibi harusi akashika mashavu. "Jamani! Ni aina gani hii?"

"Ni aina ileile ya kule chini," Breki akasema.

Mnunuzi aligeuka akamtazama.

Gari la Fundi lilikuwa limeshafika na maji na sanduku la tepe. Mjomba akatokea kwenye kona ya saba, akaitupa baiskeli majanini, akajifuta uso, akatandaza mikono kama mtu anayefungua pazia.

"Karibuni kwenye moyo wa shamba! Hapa dada yangu alivumbua fundo lake, akaniachia kwa mapenzi, na leo mpwa wangu, damu yake mwenyewe, atawafundisha."

Breki akachukua utepe. Alisema yaleyale aliyosema kila safari. "Jicho dogo kwenye mti, libane vizuri. Jicho pana kwenye waya." Vidole vyake vilifanya kazi vyenyewe. Kesho yake gari lile lile lingempandisha mama, naye angejionea.

Maharusi wakafunga. Daktari wa meno akabana kwa nguvu kama anang'oa kitu. Mnunuzi hakufunga. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mti wa tatu, akijaribu kuingiza kidole chake kidogo kati ya utepe na shina. Hakikuingia.

"Una kisu?" akauliza.

Breki alikuwa nacho. Angeweza kusema hana. Alifungua mfuko wa vyombo, akakitoa ndani ya kitambaa, akampa.

Mnunuzi akakitazama. "Hiki hakijawahi kufanya kazi. Mafuta bado yako kwenye ubapa wake." Akakata utepe. Chini yake shina lilikuwa limezama, mfereji mzima kuzunguka, kama alama ya pete kwenye kidole kilichovimba. Juu ya mfereji mti ulikuwa umefura, chini umekonda. Akaushika juu kwa vidole viwili, akausukuma taratibu, kama mtu anayefungua dirisha la nyumba ya watu. Ukakatika. Kwa sauti ndogo tu.

"Huu umeshakufa," akasema, "ila bado haujaambiwa."

Akaenda wa nne. Wa tano. Akahama mstari, akaenda katikati ya tuta. Kijana wa picha alikuwa akipiga, kisha akaacha. Bibi harusi alianza kufungua utepe wake haraka haraka, kucha zinateleza.

"Wekundu huu si uzuri, bwana," Mnunuzi akamwambia Mjomba. "Mti umenyongwa. Nimezaliwa kwenye mizabibu, baba yangu angenichapa kwa fundo moja tu la namna hii. Nani aliwafundisha?"

Uso wa Mjomba ulikuwa bado mwekundu kwa kupanda kilima. Ukabadilika. Akageuka taratibu.

"Nani anawafundisha wageni kila wiki?"

"Mimi," Breki akasema.

"Mmesikia. Yeye! Nimemwamini kwa sababu ni mtoto wa dada yangu. Nikamwachia tuta zima!"

"Nilikuambia, Mjomba. Ofisini mara moja, stooni mara moja. Ukasema neno kwa neno."

"Uongo mtupu."

"Fundi alikuwepo."

Watu wote wakamgeukia Fundi. Fundi alikuwa ameshika sanduku la tepe kwa mikono miwili. Ndiye aliyemfundisha Breki kuziba pancha akiwa na miaka saba. Ndiye aliyekuwa akimletea mama yake matunda kila anapopita. Akatazama viatu vyake, akatazama gari.

"Mimi siku hiyo nilikuwa najaza upepo," akasema. "Pampu ina kelele. Sikusikia."

Pampu ile ilikuwa ya mkono. Kelele zake hazimzidi paka.

"Basi," Mjomba akasema, sauti imepata nguvu mpya. "Waombe radhi wageni. Mwombe radhi mama huyu. Kisha uniombe mimi, hapa hapa, wakisikia."

Breki alinyoosha mkono kwa Mnunuzi, akachukua kisu chake, akakifuta, akakirudisha kwenye kitambaa. Alifanya hivyo pole pole. Upepo ulikuwa ukichezea tepe mia kadhaa kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza alisikia zinavyovuma.

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Mimi sina kelele za pampu."

"Acha baiskeli hapo. Na helmeti. Na mfuko wa vyombo. Hivyo ni vya shamba."

Akavua vyote. Kisu akakitia mfukoni mwa suruali, kwa sababu hicho hakikuwa cha shamba. Akaanza kuteremka kwa miguu.

Kona saba kwa miguu ni ndefu, na viatu vya baiskeli vina soli ngumu, vinagonga lami kama kwato. Wageni walimpita mmoja mmoja wakiwa wameshika breki mpaka zinalia. Maharusi hawakupiga kelele. Mnunuzi peke yake ndiye aliyepunguza mwendo.

"Ulijua," akasema. Halikuwa swali.

"Nilijua."

Mnunuzi akatikisa kichwa, si kwa hasira wala kwa huruma, akaachia breki, akaenda zake. Gari la Fundi likaja mwisho, baiskeli ya Breki juu ya kichaga, gurudumu la mbele likizunguka lenyewe. Likapunguza. Mlango ukafunguka kidogo. Breki aliendelea kutembea mpaka mlango ukafungwa tena.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeshapita dirisha. Mama alikuwa kwenye kiti kile kile, simu mapajani. Ina maana Fundi alishapiga. Aliyekosa sauti juu ya kilima aliipata kwenye simu.

"Lete kisu," mama akasema.

Breki akakitoa. Mama hakuweza kufungua kitambaa kwa vidole vile, akakivuta kwa meno. Akapitisha kidole gumba kwenye ubapa wa kisu, akakinusa kile kidole. Mafuta yalikuwa yake, alikuwa ameyapaka mwenyewe.

"Umekata mingapi?"

"Sikukata hata mmoja. Leo amekata yule mama mgeni."

"Jana?"

"Hapana."

"Mwaka jana?"

"Hapana, mama."

Mama alikiweka kisu mapajani, kando ya simu. Nje mtu alikuwa akiita watoto wake waingie ndani.

"Kila jioni," akasema. "Kila jioni nakuuliza, nalala nikiihesabu. Kumi. Sitini. Mia na ishirini. Nikipata maumivu usiku naihesabu mpaka yanapoa. Ulikuwa ukinipa nini?"

Breki aliketi kwenye kigoda mbele yake.

"Mjomba wako ni mjinga. Alizaliwa mjinga, nimembeba mgongoni nikijua. Yeye alinyonga asichokijua. Wewe ulijua." Akajaribu kunyanyua mkono amnyooshee kidole, vidole vikakataa, mkono ukabaki hewani umejikunja. "Mizabibu yangu imekukosea nini?"

"Haikuwa yako."

"Unasemaje?"

"Haikuwa yako, mama! Hata siku moja. Alikuambia 'ni lako' ukambebea maji miaka minne, kisha akakutundika ukutani. Kila mti ambao ningeulegeza ningemlegezea yeye. Angeuvuna yeye. Angeunywa yeye, akikusifu. Ulitaka nimtunzie?"

"Nilitaka iishi."

"Kwa nani?"

"Iishi tu!" Sauti ya mama ilipasuka katikati. "Mtu hapandi kitu ili kimkomoe mwingine."

Chai ya asubuhi ilikuwa bado mezani, imeganda utando juu. Breki alinyoosha mkono kuiondoa, akaiacha.

Mama alijivuta mbele ya kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Macho yake yalikuwa makavu. Alizungumza taratibu, kama anavyomwambia mtoto jambo ambalo hatalirudia.

"Kwake usiombe radhi. Ungemwomba ningekufukuza humu ndani. Niombe mimi. Neno moja tu, mwanangu, na mimi nitalimeza, tutaanza upya."

Breki aliutazama ule mkono uliojikunja, ambao ulitoa mawe tuta zima kwa ahadi isiyo na karatasi. Aliupenda kuliko kitu chochote duniani. Neno lililokuwa limefika ulimini likarudi lilikotoka.

"Siombi, mama," akasema. "Hata wewe, siombi."